Sosi ya embe ya nyama choma: siki haipunguzwi

Sosi yangu ya embe na ukwaju huwa kali mno. Nikipunguza siki nusu, itakaa kabatini miezi sita?

Haitakaa, na swali hili nimelijibu mara nyingi kiasi kwamba nashangaa bado linaletwa. Siki haikuwekwa humo kwa ajili ya ladha peke yake. Kazi yake ni kuishusha pH ya sosi (kipimo cha uchachu: ikishuka, uchachu umezidi) chini ya 4.6, kiwango ambacho spora, yaani mbegu, za bakteria aitwaye Clostridium botulinum haziwezi kuota na kutoa sumu, hata zikibaki hai. Na hubaki hai, kwa kuwa maji yanayochemka hayaziui. Embe na ukwaju vina uchachu wake, lakini vitunguu, thomu na pilipili hoho mnavyovimwaga kwa ukarimu havina, na kila kitunguu mnachozidisha kinaudhoofisha uchachu wa sufuria nzima. Anayeona sosi ni kali aongeze sukari, ambayo hutuliza ulimi bila kuipandisha pH. Siki yenyewe iwe imeandikwa asidi asilimia 5. Ile ya chupa isiyo na lebo ibaki kwenye kachumbari.

Naweza kutumia papai badala ya embe?

Hapana. pH ya papai bivu huwa juu ya 5. Igandishe sosi hiyo kwenye friza.

Nimejaza chupa sosi ya moto, nikazigeuza kichwa chini, na mifuniko ikabonyea. Si inatosha?

Mfuniko kubonyea kunaonyesha kwamba hewa imetoka, si kwamba chakula ni salama. Chupa zichemshwe zikiwa zimefunikwa na maji yanayozidi mifuniko kwa sentimita 2.5, na dakika zianze kuhesabiwa maji yanapochemka tena, si pale mnapoziingiza.

Dada yangu wa Mombasa huchemsha chupa zake dakika 15. Nami niliyeko Nairobi nifuate hizo hizo?

Usifuate. Mombasa iko usawa wa bahari, ilhali Nairobi iko karibu mita 1,800 juu yake, ambako maji huchemka kwenye nyuzi 94 hivi na kwa hiyo huua vijidudu polepole zaidi. Ongeza dakika 10. Na aliyeko Limuru, juu zaidi ya Nairobi, aongeze 15.

Nikiinusa nikaona haina harufu mbaya, niile?

Sumu ya botulinum haina harufu wala ladha. Msiionje kupima.

Mama alikuwa akimimina mafuta juu ya achari ili hewa isiingie. Nifanye hivyo kwenye sosi?

Bakteria wa botulinum hustawi pasipo hewa, kwa hiyo mafuta hayo yatakuwa yanamtandikia kitanda. Achari ya mama ililindwa na chumvi nyingi na ukali wa embe bichi, vitu ambavyo sosi yako tamu haina. Mafuta yapake kwenye nyama siku ya kuchoma.