Ukifika Yogyakarta, Borobudur iache iwe ya mwisho

Mwaka 2017 nilikwenda Jakarta, Indonesia, kwa semina ya kikazi, nikabakiwa na siku tatu. Wenzangu wakakimbilia Bali. Mimi nikapanda treni ya kwenda Yogyakarta, mji wa kisiwa cha Java ambao wenyewe wanaukatiza na kuuita Jogja, kwa sababu utotoni niliwahi kuona picha ya Borobudur, hekalu kubwa la Kibudha la huko, kwenye kalenda na haikunitoka. Dereva niliyemkodi alinipangia kila kitu kwa siku moja: kuamka saa nane usiku, Borobudur alfajiri, mlima wa volkano wa Merapi mchana, mahekalu ya Kihindu ya Prambanan jioni. Nilirudi nilikofikia miguu imevimba, na picha mia tatu ambazo mpaka leo nikizifungua sijui ipi ni ya wapi. Na hilo jua la alfajiri lililonikosesha usingizi sikuliona. Ukungu ulitanda mpaka saa mbili.

Mwaka 2024 nikarudi kwa wiki mbili, kwa kuwa mdogo wangu wa kike alikuwa anasoma shahada ya uzamili huko. Ninayoyaandika hapa ni ya safari hiyo ya pili. Ile ya kwanza ichukue kama mfano wa namna ya kutupa nauli.

Kama una chini ya siku sita, nenda mahali pengine. Ukizipata siku sita au saba, kaa Jogja mjini na uwe unatoka na kurudi. Mtaa wa Prawirotaman umejaa nyumba ndogo za wageni, zingine ni familia tu imetenga vyumba vitatu uani. Karibu na barabara ya Malioboro utakuwa jirani na stesheni ya treni ya Tugu, lakini kelele utazikuta. Ukija kwa ndege, ujue uwanja mpya uko Kulon Progo, mbali na mji, ila kuna treni inayokufikisha Tugu kwa dakika arobaini hivi. Wenye teksi hawatakutajia hiyo treni.

Anzia Dieng. Watu wengi wanaiacha kwa sababu ni mbali, saa tatu hadi nne za gari kupitia Wonosobo, barabara inapanda na kujikunja mpaka masikio yanaziba. Ni uwanda wa juu, kama mita 2,000 kutoka usawa wa bahari, mashamba ya viazi yamelimwa mpaka kwenye ngema. Katikati ya viazi hivyo ndiyo yamesimama mahekalu ya Kihindu ya kale kabisa katika Java, ya karne ya 7 na ya 8. Ni madogo, mengine hayazidi kibanda cha mlinzi. Watu wa baadaye wakayapa majina ya wahusika wa Mahabharata, utenzi wa kale wa Kihindi: Arjuna, Bima, Gatotkaca, Srikandi. Utayazunguka kwa nusu saa ukamaliza, na hapo ndipo utakapoelewa walikoanzia hao waliokuja kujenga majengo makubwa kule chini.

Mdogo wangu alinionya nibebe koti. Nikamcheka, koti, Indonesia? Tulilala huko mwezi wa nane, na asubuhi majani mbele ya hekalu la Arjuna yalikuwa meupe kwa barafu. Wenyeji wanaiita embun upas, umande wa sumu, kwa sababu inaunguza viazi. Mimi niliyezaliwa Pangani, pwani ya Tanzania, nilisimama pale nimejifunga blanketi la watu, nikiwa nimevaa soksi mikononi.

Sikidang ni bonde lenye tope linalochemka na moshi wa salfa. Pita kwenye njia ya mbao, usijifanye shujaa. Ardhi ya Dieng haina utani: mwaka 1979 watu 149 walikufa karibu na kreta ya Sinila, walipokuwa wakikimbia mlipuko wakaingia kwenye hewa ya ukaa iliyotanda chini bila kuonekana. Ziwa la Telaga Warna hubadilika rangi kwa ajili ya hiyo hiyo salfa; siku yetu lilikuwa kijani upande mmoja na samawati upande wa pili. Wanauza pia carica, papai dogo la mlimani lililolowekwa kwenye sharubati. Nunua, lakini usiliweke kwenye begi la nguo. Nimekwambia.

Merapi utaiona kila asubuhi kaskazini ya mji ikitoa moshi, kama jirani anayepika. Kileleni hakupandwi, tulipofika sisi njia zilikuwa zimefungwa, maana mlima haujatulia tangu ulipoanza tena kutema lava mwaka 2021. Wanachokuuzia ni mzunguko wa gari aina ya jeep kwenye miteremko ya kusini. Gari lenyewe ni mchezo wa vijana, wanakurusha mtoni mpaka unalowa, na kama una maumivu ya mgongo waambie mapema waende taratibu. Lakini usiache kusimama kwenye nyumba inayoitwa Sisa Hartaku, yaani mabaki ya mali yangu. Ni nyumba ya mtu iliyounguzwa mwaka 2010, mwenyewe akaikusanya mali yake iliyobaki akaipanga: mifupa ya ng'ombe, pikipiki zilizobaki chuma kitupu, vikombe vilivyoyeyuka, saa ya ukutani iliyosimama.

Mlipuko wa mwaka ule uliua zaidi ya watu 350. Lile wingu la majivu ya moto linaloporomoka mlimani, Wajava wanaliita wedhus gembel, kondoo wa manyoya, kwa jinsi linavyojiviringisha. Mmoja wa waliokufa ni mzee Maridjan, aliyekuwa amekabidhiwa na Sultani wa Yogyakarta kazi ya kuutunza mlima na kuutolea sadaka. Alikataa kuhama mwaka 2006, mlima ukamwacha. Mwaka 2010 akakataa tena. Ilielezwa kwamba alikutwa amesujudu. Dereva wetu alipofika hapo kwenye hadithi alizima injini, na hakutaka kuulizwa kama mzee alikosea.

Prambanan nenda saa tisa alasiri, jua linapoanza kulegea, ukae mpaka wafunge. Hekalu la mungu Shiva lina urefu wa mita 47, na ukilitazama kutoka chini linaonekana refu kuliko hapo. Ni la karne ya 9, na zamani eneo zima lilikuwa na mahekalu 240. Utakachokiona kwa wingi ni mafungu ya mawe, na usidhani ni uzembe. Utaratibu wao ni kwamba hekalu halisimamishwi upya mpaka ipatikane walau asilimia 75 ya mawe yake ya asili. Mawe mengi wenyeji walishayachukua kujengea. Kisha tarehe 27 Mei 2006 tetemeko likatikisa hata yale yaliyosimama.

Mueleze mwongozaji akupeleke chumba cha kaskazini cha hekalu la Shiva. Kuna sanamu ya mungu wa kike Durga humo, lakini watu wanaiita Roro Jonggrang, binti wa kwenye hadithi yao. Binti huyu alichumbiwa na mtu aliyemuulia baba yake, akamwekea sharti ajenge mahekalu elfu moja kwa usiku mmoja. Mchumba akaita mashetani wakajenga. Yalipobaki machache, binti akaamsha wanawake watwange mpunga na kuwasha mioto mashariki, majogoo yakawika, mashetani yakakimbia yakidhani kumekucha. Mchumba alipogundua akamgeuza jiwe, akawa yeye ndiye wa elfu moja. Mdogo wangu anaipenda hadithi hii. Mimi nilimwambia binti alishinda: hakuolewa.

Ndani ya uwanja huo huo, tembea kaskazini mpaka Sewu. Watalii wengi hawafiki, wamechoka. Ni hekalu la Kibudha, limejengwa jirani kabisa na la Wahindu, na utakaa hapo peke yako na majitu mawili ya mawe yenye marungu yanayolinda mlango.

Mji wenyewe nitaupitia haraka. Ikulu ya Sultani, Kraton, ipo tangu karne ya 18, na Sultani wa sasa, Hamengkubuwono wa 10, ndiye pia gavana wa jimbo. Nenda asubuhi, mchana wanafunga. Taman Sari, mabwawa ya kuogea ya masultani, ni pazuri zaidi, hasa Sumur Gumuling: msikiti wa mviringo uliochimbwa chini ya ardhi, ngazi zinakutana katikati hewani. Foleni ya wapiga picha ni ndefu.

Malioboro ndiko nilikoibiwa kistaarabu. Mzee wa heshima, amevaa vizuri, akanisalimia, akaniuliza natoka wapi, akasema jirani kuna maonyesho ya batiki ya wanafunzi na leo ndiyo siku ya mwisho. Nikaenda, nikapewa chai, nikatoka na kitambaa cha bei ya suti. Kesho yake nikamkuta kona ile ile, na maonyesho bado yalikuwa na siku ya mwisho. Batiki ya kweli imechorwa kwa nta iliyoyeyushwa, kwa kikalamu cha shaba kinachoitwa canting au kwa muhuri, kisha ikatiwa rangi. Igeuze, rangi na mchoro vinatakiwa vionekane pande zote mbili. Changu upande wa nyuma kilikuwa cheupe. Na hata neno batiki tunalolitumia nyumbani limetoka kwa hawa Wajava, kwa hiyo sikuwa na kisingizio.

Chakula kitamu, mno. Nasema kitamu kwa maana ya sukari. Chakula cha sifa cha Jogja ni gudeg, fenesi bichi lililopikwa kwa saa nyingi na tui la nazi na sukari ya mnazi. Fenesi na nazi navijua tangu utoto, lakini sukari ile ilinishinda siku ya pili. Siku zilizobaki nilikula kwenye migahawa ya nasi Padang, chakula cha Sumatra chenye pilipili. Kupata chakula halali na mahali pa kuswali hakuna shida popote.

Lugha nayo itakupunguzia ugeni. Meza wanaita meja, sabuni ni sabun, bendera ni bendera, dunia ni dunia, na ukikutana na mtu unamuuliza apa kabar, ile ile habari yetu. Waarabu na Wareno walipita kwao na kwetu. Nilipomwambia mama mwenye nyumba kwamba sisi pia tunasema sababu na riziki, alinipa ndizi za bure kila asubuhi.

Baharini, Parangtritis, nenda ukatazame jua likizama na urudi. Usiogelee. Nimekulia ufukweni na nilidhani najua bahari, lakini pale mkondo unavuta kuelekea ndani hata maji yakiwa magotini. Wenyeji wanasema ni malkia wa bahari ya kusini, na watakuomba usivae kijani, rangi yake. Nilikuwa na fulana ya kijani. Niliivua, nikaiweka kwenye begi.

Mambo madogo: nenda kati ya mwezi wa tano na wa tisa, maana kuanzia wa kumi na moja mvua inaharibu ratiba. Beba kadi ya chanjo ya homa ya manjano, wataiulizia ukitokea nchi nyingi za kwetu. Noti ya rupia 100,000 ni kama dola sita, hesabu sifuri kabla hujalipa.

Sasa Borobudur. Mwaka 2024 kupanda juu kuliuzwa kwa idadi maalumu kila siku, watu 1,200, ilikuwa lazima uwe na mwongozaji, na Jumatatu hapakupandwa. Kata tiketi mtandaoni siku kadhaa kabla. Wanakupa ndala zilizosukwa kama ukili ili viatu visile mawe. Watu wote wanakimbilia kileleni, kwenye ile minara midogo 72 yenye matundu na sanamu za Budha ndani. Ni pazuri. Lakini muda wa kukaa juu una kikomo, na kitu chenyewe kiko kwenye kuta za chini: zaidi ya vibao 2,600 vya mawe vilivyochongwa katika karne ya 8 na ya 9. Mwambie mwongozaji kabla hamjaanza kupanda: nataka meli.

Ziko kadhaa, na moja ni kubwa kwenye korido ya kwanza. Milingoti miwili, mawimbi, mabaharia wanahangaika na kamba, na ubavuni ule mkono wa mbao unaozuia chombo kisipinduke. Ngalawa. Watu wa visiwa hivi ndio walioivuka bahari yetu wakaikalia Madagaska, na wanaoichunguza ngalawa ya pwani yetu wanaifuata asili yake huko huko. Mwaka 2003 iliundwa meli kwa kufuata jiwe lile, ikaitwa Samudra Raksa, ikaondoka Jakarta ikapita Shelisheli na Madagaska, ikazunguka Cape Town mpaka Accra mwaka 2004. Sasa iko kwenye jumba la makumbusho hapo hapo uwanjani, na nilikuta watu wanne tu.

Mdogo wangu aliizunguka mara mbili kimya, kisha akasema, "Kaka, mpigie picha baba." Tukamtumia mzee, ambaye amevua Pangani miaka arobaini. Jibu lilikuja kwa sauti, nyuma yake kuku wanalia. "Hiyo ngalawa kubwa. Lakini tanga mbona limekaa hivyo? Muulizeni mwenye chombo, anakwendaje joshi?"

Kwenda joshi ni kukipeleka chombo upande upepo unakotoka. Tukatafuta wa kumuuliza. Mlinzi alikuwa ameshakwenda kuswali alasiri.