Mtoto ni wa nani? Majibu ya maswali yenu kuhusu mbegu, mimba na sheria

Barua za safari hii karibu zote zimehusu uzazi, na nyingine zimeandikwa kwa uchungu mkubwa. Mtoto wa kwanza wa IVF, yaani mimba ya kutungishwa nje ya mwili, hapa Uganda alizaliwa 2004. Tangu hapo kliniki zimeongezeka, wanaume kwa wanawake wamepata watoto waliokwisha kuwakatia tamaa, lakini sheria imekuwa ikitembea nyuma kwa mbali. Mheshimiwa Sarah Opendi, akiwa mbunge mwanamke wa Tororo, ndiye aliyepeleka Bungeni mswada wa 2023 wa kusimamia uzazi wa kusaidiwa. Ila mswada haumlindi mtu hadi upitishwe na Rais autie sahihi, na ninyi mnaoniandikia mna maamuzi ya wiki hii. Kwa hiyo nitawajibu kwa hali mliyonayo.

Mama Mshauri, shikamoo. Sisi ni Waislamu, tunaishi Bombo, tuna miaka sita kwenye ndoa. Kipimo kimeonyesha mume wangu hana mbegu kabisa. Mama mkwe ananishauri nizae na shemeji, iwe kliniki au kienyeji, ili damu ibaki nyumbani. Mume wangu asijue. Nifanyeje?

Marahaba, mwanangu. Usikubali.

Kwanza, kipimo kimoja hakitoshi. Kirudiwe baada ya wiki kadhaa. Halafu ujue kwamba mwanamume anaweza kukosa mbegu kwenye manii na bado akawa nazo kwenye korodani. Pengine njia imeziba kwa sababu ya kisonono cha zamani ambacho hakikutibiwa vizuri. Hapo daktari huvuta mbegu kwa sindano kutoka kwenye korodani, akachukua moja na kuiingiza ndani ya yai la mke. Watoto wa kwanza wa njia ya kuingiza mbegu moja ndani ya yai walizaliwa Brussels mwaka 1992, na Kampala madaktari wa kuifanya wapo. Mumeo hajafikishwa huko, na tayari ameshaanza kutafutiwa mtu wa kushika nafasi yake.

Pili, dini yenu. Baraza la kimataifa la fiqhi lilipokaa Amman mwaka 1986 liliruhusu mbegu ya mume na yai la mke maadamu ndoa ipo, likakataza mtu wa tatu asiingie kati. Shemeji ni mtu wa tatu, hata akiingia kwa sindano. Nendeni wote wawili kwa sheikh mnayemwamini, au Baraza Kuu la Waislamu pale Old Kampala. (Wasomaji Wakatoliki wajue kwamba Kanisa lao lina msimamo mkali zaidi: waraka wa Vatikani wa 1987 unakataa kutungisha mimba nje ya mwili hata kati ya mke na mume.)

Tatu, hiyo siri. Niliwahi kuitwa kusuluhisha ugomvi wa namna hii matangani. Mtoto wa kiume wa miaka kumi na kitu amekaa mkekani kati ya wanaume, kofia mpya kichwani, anapewa pole kwa kufiwa na baba. Baba yake mdogo akasimama mbele ya ukoo mzima akasema huyu ni wangu, na shamba hili ni langu na yeye. Yule mtoto hakulia. Aliivua kofia, akaishika mkononi, akawa anatutazama mmoja mmoja. Mama mkwe wako anafikiri damu ikibaki nyumbani amani nayo itabaki. Nyumba ile haikubaki na amani, na mtoto hakuwa ameulizwa lolote.

Zungumza na mumeo. Mwambie kuna vipimo zaidi. Mkwe mwambie kwa heshima kwamba jambo hili sasa liko kwa daktari.

Niko chuo Kampala. Dada mmoja hosteli anatafuta wasichana wa kuuza mayai. Anasema ni kama kutoa damu tu.

Si kama kutoa damu. Utachomwa sindano za homoni kila siku kwa muda wa siku kumi hadi kumi na nne, utapigwa picha za tumbo mara kwa mara, kisha utalazwa usingizi na sindano ndefu ipite ukeni kufuata mayai. Wasichana wengine ovari huvimba, tumbo likajaa maji, wakalazwa. Muulize huyo dada ni nani atakayelipia kitanda chako likikupata hilo, na muulize yeye anapata kiasi gani kwa kila kichwa. Daktari mwenye heshima hatafuti mayai kwa kupitia hosteli.

Mama, nina miaka 23, nina mtoto mmoja, nauza nguo Busia. Mama mmoja wa Kampala anataka nimbebee mimba, yai si langu. Ananipa milioni 15. Karatasi ziko kwa wakili wake. Naogopa, lakini pesa naihitaji.

Woga wako una akili, usiufukuze.

Ukimzaa huyo mtoto, hospitali itaandika kwamba wewe ndiye uliyejifungua, na karatasi hiyo ndiyo inayokwenda NIRA, mamlaka ya usajili, kutafutiwa cheti cha kuzaliwa. Yai liwe la nani, anayeanza kuandikwa mama ni wewe. Wenyewe wakitaka mtoto awe wao mbele ya sheria, huenda wakalazimika kwenda mahakamani, hata kumuasili, na Sheria ya Watoto inataka mwombaji awe na angalau miaka 25 na amzidi mtoto kwa miaka 21. Sasa geuza upande wa pili. Mtoto akizaliwa na ulemavu, au wale wawili wakaachana ukiwa na mimba ya miezi saba, wakazima simu? Utabaki naye Busia, na huo mkataba wa milioni 15 hakuna anayeweza kukuhakikishia kwamba jaji ataukubali.

Karatasi ziko kwa wakili wake. Wakili huyo anamlinda yeye, kama inavyompasa. Wako yuko wapi? FIDA Uganda, chama cha mawakili wanawake, wanasaidia wasio na uwezo. Wapelekee hiyo karatasi kabla hujashika kalamu. Omba kuonana na daktari peke yako, mzungumze kwa lugha unayoielewa, umuulize wanapanga kupandikiza viinitete (mayai yaliyokwisha kurutubishwa) vingapi. Wakiweka viwili au vitatu ili wasirudie gharama, mimba ya mapacha ni yako kuibeba, pamoja na presha na kisu. Uliza nani analipa kizazi kikitolewa. Uliza nani atamlisha mtoto wako daktari akikuamuru ulale miezi miwili bila kwenda sokoni.

Na ukisikia uache kitambulisho, au ukae na wasichana wengine kwenye nyumba msiyoruhusiwa kutoka, au usafirishwe nje, toka mbio uende polisi. Sheria ya kuzuia biashara ya binadamu ya mwaka 2009 inakuhusu.

Mimi sichukii jambo lenyewe. Nimemwona mwanamke akimbebea dada yake aliyetolewa kizazi, na nyumba zote mbili zikafurahi. Lakini anayebeba akiwa na dhiki, na anayelipa akiwa na wakili, mizani imelala upande mmoja kabla mimba haijaingia. Kwa maelezo uliyonipa, jibu langu ni usifanye.

Nilifanyiwa upasuaji wa kuzaa hospitali moja, mtoto wa nne. Miaka miwili bila mimba, ndipo daktari mwingine akaniambia mirija ilifungwa siku ile. Mume wangu ndiye aliyesaini. Walikuwa na haki?

Hapana, dada yangu. Wewe ni mtu mzima mwenye akili timamu. Idhini juu ya mwili wako ni yako, na ndoa haimpi mwanamume kalamu ya kusaini mahali pako. Mkataba wa haki za wagonjwa wa Wizara ya Afya, wa mwaka 2009, unataka mgonjwa aelezwe na akubali mwenyewe. Mama akizimia na maisha yake yakiwa hatarini, madaktari hufanya la kumwokoa, hiyo inaeleweka. Kufunga mirija karibu kila mara kunaweza kungoja mama aamke.

Wadi za wazazi nazijua. Karatasi ya idhini ni ya Kiingereza, imekunjwa mara nne mfukoni mwa koti la mtu, inaletwa uchungu ukiwa umekaza, kidole kinashikwa kinapakwa wino. Mama hajui amekubali nini. Wengine hawaoni hata hiyo karatasi.

Usikawie hata siku moja. Ikiwa hospitali ni ya serikali, madai ya fidia dhidi ya serikali yana ukomo wa miaka miwili, na wakili atabishana ihesabiwe tangu lini. Wewe mwone wakili wiki hii. Omba nakala ya faili lako kwa maandishi, utazame saa iliyoandikwa na sahihi ya nani. Mlalamikie daktari kwa baraza la madaktari. Wanawake hapa wamewahi kusikilizwa: kesi iliyofunguliwa 2011 kwa ajili ya akina mama wawili waliofia hospitali za Mityana na Arua ilitupwa mara ya kwanza, Mahakama ya Juu ikairudisha, na Agosti 2020 Mahakama ya Katiba ikasema serikali ilivunja Katiba kwa kutowapa akina mama huduma ya msingi ya uzazi. Ilichukua miaka tisa. Najua hiyo ni mingi.

Kuhusu kuzaa tena, mlango haujafungwa kabisa. Mirija iliyofungwa huweza kuunganishwa kwa baadhi ya wanawake, na IVF yenyewe ilianzia kwa mwanamke ambaye mirija yake ilikuwa imeziba: ndiye mama wa Louise Brown, aliyezaliwa Uingereza Julai 1978.

Nina watoto wanne, niko Arua. Nataka kupima DNA kimya kimya, nichukue miswaki yao. Mke asijue.

Ndugu yangu, mwaka 2023 nchi nzima ilishikwa na homa hii, na nyumba nyingi zilivunjika. Sikukatazi kujua. Nakukataza miswaki.

Kipimo cha kificho hakitakusaidia mahakamani, ambako sampuli hutakiwa zichukuliwe mbele ya mashahidi, kila mtu akijulikana. Maabara ya serikali iko Wandegeya. Sheria ya Watoto inamruhusu mama, baba, mlezi au mtoto mwenyewe kuiomba mahakama itamke mzazi ni nani, tangu mimba hadi mtoto afike miaka 18, au ndani ya miaka mitatu baada ya anayedaiwa kufariki. Ndiyo njia ya wazi.

Kabla ya hapo, jiulize: jibu likiwa si wako, huyo wa miaka tisa anayekuletea maji ya kuoga, utamwambia nini kesho asubuhi? Kama huna jibu, hujawa tayari kupima. Mtafute mshauri nasaha kwanza, na mkeo awepo. Wapo wanaume waliopata jibu hilo wakaamua kubaki baba, wakaandika wasia wenye jina la mtoto ili ndugu wasimfukuze. Kwa Mwislamu, theluthi ya mali inamruhusu kufanya hivyo.

Mume wangu alihifadhi mbegu kliniki kabla ya matibabu ya saratani. Amefariki. Nataka kuzitumia, wakwe wanakataa.

Pole sana, mama. Ulichokipoteza hakina kifani.

Wakwe hawamiliki hizo mbegu. Lakini swali ni yeye alisema nini. Tafuta fomu aliyojaza alipokuwa anahifadhi: je, aliandika zitumike akifa, au zitupwe? Kama hakuandika, kliniki ina sababu ya kukataa, na mimi ningeielewa. Aliyekufa hawezi kuulizwa kama anataka mtoto atakayemkuta kaburini.

Lipo na la mirathi. Sheria yetu inamhesabu mtoto aliyekuwa tumboni baba alipofariki, akizaliwa hai. Wako angetungwa baada ya kifo, na hapo sheria haijaweka wazi. Wakwe wakitaka kumnyima, watalishika hilo. Kwa Mwislamu jibu la wanazuoni ni fupi zaidi: ndoa imekwisha kwa kifo. Usiamue ukiwa bado kwenye majonzi. Mbegu zilizogandishwa zinakaa miaka. Lipia uhifadhi, ulie kwanza.

Mimi ni nesi kituo cha afya, Kasese. Usiku aliletwa msichana wa miaka 19 anavuja damu, tukahisi ametoa mimba. Mkubwa wangu akasema tusimguse mpaka polisi waje. Alikuwa sahihi?

Hakuwa sahihi. Kumtibu anayevuja damu si kutoa mimba. Sheria ya jinai inamtishia miaka 14 anayetoa, miaka 7 mwanamke mwenyewe, na miaka 3 anayetoa dawa au vifaa. Anayesafisha kizazi baada ya mambo kuharibika hayumo. Na sheria hiyohiyo inamkinga anayefanya upasuaji kwa nia njema na uangalifu ili kuokoa maisha ya mama. Mwaka 1959 mahakama ya rufaa ya Afrika Mashariki ilifuata hukumu ya Uingereza ya 1938 kwenye jambo hilo. Wizara ya Afya ilitoa mwongozo kuhusu utoaji mimba 2015, ikausimamisha upesi baada ya kelele za viongozi wa dini, na woga uliobaki ndio uliomshika mkubwa wako.

Safari nyingine weka dripu, toa kilichobaki kama umefundishwa, mpe dawa za kuzuia maambukizi, na ukishindwa mpe rufaa na uende naye kwenye gari. Kwenye faili andika ulichokiona: damu kiasi gani, presha ngapi, joto ngapi. Ulichosikia mlangoni si kipimo. Na kabla hajaondoka zungumza naye kuhusu uzazi wa mpango, kwa maana yai linaweza kutoka tena ndani ya wiki mbili.