Gramu 800 au Shingo Yako?

SWALI: Mhariri, nina umri wa miaka 44 na uzito wa kilo 78. Kila Jumamosi mimi na wenzangu huendesha baiskeli kilomita 100 hadi 140, katika njia yenye vilima na vipande vya lami iliyochakaa. Baiskeli yangu ya alumini imechoka, nami nimebakiwa na mbili za kuchagua, zote za kaboni, zenye breki za diski na bei inayolingana. Ya kwanza ni ya mashindano: ina kilo 7.6, tairi zisizozidi milimita 30, gia za mbele za meno 52 na 36, na ya nyuma iliyo kubwa kuliko zote ina meno 30. Ya pili imeundwa kwa safari ndefu: ina kilo 8.4, inapokea tairi za hadi milimita 38, ina meno 50 na 34 mbele, na 34 nyuma. Wenzangu wanasema nitajutia uzito wa hii ya pili. Tatizo langu ni kwamba baada ya saa tatu shingo hukakamaa na vidole hufa ganzi. Nichukue ipi?

JIBU: Ndugu msomaji, chukua ya pili, na sababu umeitaja mwenyewe mwishoni mwa barua yako.

Tuanze na hizo gramu 800, maana ndizo zinazopigiwa kelele. Kinachopanda mlima si baiskeli peke yake, bali ni wewe, nguo, viatu, maji na vifaa vyako, jumla inayokaribia kilo 90. Gramu 800 hazifiki asilimia moja ya mzigo huo, kwa hiyo katika mlima mkali unaokuchukua saa nzima utachelewa kwa takriban nusu dakika, na kwenye tambarare hutaona tofauti ya maana. Maji ya chupa moja ya mililita 750 yana uzito unaokaribia tofauti hiyo yote, na sijamsikia mtu akiyaacha nyumbani ili apande upesi.

Hoja ya kweli ya baiskeli ya mashindano ni mkao. Ukienda kilomita 30 kwa saa kwenye tambarare, sehemu kubwa ya nguvu zako huishia kusukuma hewa, na kinachoikinga hewa hiyo zaidi ni mwili wako kuliko baiskeli; anayeinama chini hufaidika. Lakini faida hiyo ni ya yule anayeweza kuendelea kuinama. Mtu ambaye shingo imemkakamaa saa ya tatu hunyoosha mikono, huinua kifua, na tangu hapo anabeba mkao wa baiskeli ya safari juu ya baiskeli isiyomfaa kwa mkao huo.

Kwa hiyo uliza vipimo viwili ambavyo hukuvitaja: kimo cha fremu, yaani umbali wa wima kutoka katikati ya ekseli inayoshika mikono ya pedali hadi ncha ya juu ya bomba la mbele linalopitisha foku (uma unaoshika gurudumu la mbele), na umbali wa mlalo kati ya sehemu hizo hizo. Fremu za safari ndefu kwa kawaida huwa na kimo kikubwa zaidi na mlalo mfupi zaidi. Muuzaji anaweza kukuambia kwamba usukani wa ile ya kwanza utainuliwa kwa kuongeza pete chini yake. Ni kweli, ila mtengenezaji huweka kikomo cha pete hizo, hasa pale ambapo shina la foku ni la kaboni.

Kuhusu vidole, angalia tairi kabla ya kuisifu kaboni. Fremu ya kaboni inaweza kuwa ngumu au laini kutegemea jinsi tabaka zake zilivyopangwa, ilhali tairi ya milimita 32 iliyojazwa upepo wa kiasi itapunguza mtikisiko wa lami mbovu katika fremu yoyote.

Gia nazo zinakupendelea. Kwa meno 34 mbele na 34 nyuma, ukizungusha pedali mara 70 kwa dakika utapanda kwa karibu kilomita 9 kwa saa. Kwa 36 na 30, mzunguko huo huo unadai zaidi ya kilomita 10.5, na mwishoni mwa kilomita 120 si kila goti litakubali.

Hata hivyo sikuahidi kwamba baiskeli mpya itaponya kila kitu, kwa kuwa kiti kilichoinamia mbele kupita kiasi huutupa uzito wa mwili kwenye viganja, hata fremu iwe nzuri kiasi gani. Na kwa kuwa maumivu yako hayaji kabla ya saa tatu, kuzunguka duka mara mbili hakutakuonyesha lolote. Kabla hujaenda dukani, pima katika baiskeli yako ya sasa umbali kutoka ncha ya kiti hadi katikati ya usukani, na tofauti ya kimo kati ya kiti na usukani, kisha umtake muuzaji aipange ile ya pili ili usukani uwe juu kidogo na karibu kidogo kuliko ulivyozoea.