Kwa Wanaoanza Kujifunza Adire: Chungu Kabla ya Nakshi

Wengi wanaoanza kujifunza adire, vitambaa vya nili vya Wayoruba wa kusini-magharibi mwa Nigeria, hutaka kuchora mara moja Ibadandun, ile nakshi yenye nguzo za Ukumbi wa Mapo wa Ibadan. Nawasihi wangoje. Kwa Wayoruba kuchora na kutia rangi zilikuwa kazi mbili, ya aladire, mchoraji, na ya alaro, mtia rangi, na aliyekijua chungu cha rangi aliheshimiwa kwa ujuzi huo peke yake.

Majani ya mmea uitwao elu hutwangwa, hufinyangwa madonge, hukaushwa, kisha huachwa siku kadhaa yachache ndani ya maji yaliyochujwa katika majivu. Nili haiyeyuki katika maji matupu. Uchachu ndio unaoiondolea oksijeni hata ikayeyuka na kuingia katika nyuzi. Kwa hiyo chunguza maji yaliyo chini ya povu la buluu: yakiwa ya kijani cha manjano, chungu kimeiva. Kitambaa hutoka na ukijani na kugeuka buluu machoni pako kinapopata hewa. Kikitoka tayari kina buluu, rangi imekaa juu juu tu na itachuja. Usiongeze majani, subiri. Kitumbukize taratibu, kwa sababu mapovu huingiza hewa ndani ya chungu.

Jifunzeni haya kwa oniko, yaani kufunga vijiwe ndani ya kitambaa kwa nyuzi za mwale, kwani fundo halidai uangalizi mwingi na macho yenu yatabaki kwenye rangi. Eleko ni kazi ngumu zaidi. Hapo kinachozuia rangi ni uji mzito wa unga wa muhogo uliopikwa pamoja na shabu na mrututu, unaopakwa upande mmoja wa kitambaa kwa unyoya wa kuku au kupitia vibati vilivyokatwa nakshi. Aliyezoea nta ya batiki za Dar es Salaam atashangaa kuona michoro imebaki na usamawati hafifu badala ya kuwa nyeupe pe; hiyo si kasoro, na kwangu mimi ndio uzuri wenyewe wa eleko.

Wanga hulainika ukikaa majini, ndiyo maana kitambaa huchovywa kwa muda mfupi, huanikwa, kisha huchovywa tena na tena hadi buluu ikaribie weusi. Msishawishike kufupisha njia: katika miaka ya 1930 huko Abeokuta, mji wa Wayoruba, nili ya kiwandani na kostiki soda, kemikali iliyotumiwa badala ya majivu, vilizua mgogoro mkubwa kati ya wanawake watia rangi na utawala wa Alake, mfalme wa mji huo, huku wanunuzi wakilalamikia ubora.

Mchovyo wa mwisho ukishakauka kabisa, kwangueni wanga kwa upande butu wa kisu, ndipo msuuze kwa maji baridi.