Timu inafuzu vipi AFCON? Majibu ya mtu aliyekosea hesabu mara mbili

Mkuu umeuliza maswali manne kwa mpigo: timu inafuzu vipi AFCON (Kombe la Mataifa ya Afrika), hiyo "uso kwa uso" ni kitu gani, besti luza anapatikanaje, na kwa nini mwenyeji anacheza mechi za kufuzu wakati yeye keshafuzu. Nitajibu yote ila sio kwa mpangilio wako, naanza na hasara yangu kwanza maana ndo iliyonifundisha kusoma kanuni.

Machi 2016. Stars, timu yetu ya taifa Tanzania, tupo kundi moja la kufuzu na Misri, Nigeria na Chad. Jumatano ya tarehe 23 vijana wanaenda N'Djamena wanashinda 1-0, goli la Samatta, marudiano yamepangwa Dar Jumatatu ya Pasaka. Mimi kipindi hicho naishi Morogoro, nikachukua daftari nikapiga hesabu: sare yetu na Nigeria pointi moja, Chad tatu, hizo nne, tukimpiga tena Jumatatu tunakuwa na saba, tunamfikia Misri. Nikapanda basi Jumamosi, nikafikia kwa dada Mbagala, jezi mpya kabisa ya Kariakoo kwenye begi. Jumapili jioni tunakula pilau ya sikukuu simu inaanza kulia, Chad kajitoa, hana hela ya kusafiri. Shemeji akafurahi, "Si ndo vizuri, si tunapewa tatu za mezani?" Na mimi mtaalamu wa daftari nikamjibu ndiyo shem, bila kucheza tunazo saba.

Kumbe wapi. Timu ikijitoa katikati ya mashindano matokeo yake YOTE yanafutwa, kama vile hajawahi kuwepo. Ushindi wa N'Djamena ukafutwa, tukarudi na pointi yetu moja ya Nigeria. Na bado. Enzi hizo AFCON ilikuwa ya timu 16, makundi ya kufuzu 13, anaenda kinara wa kila kundi plus washindi wa pili wawili bora, hao ndo besti luza wa kufuzu, na mwenyeji Gabon anakamilisha idadi. Sasa kundi letu lilivyobaki na timu tatu likaondolewa kwenye hesabu ya besti luza, yaani anaenda kinara peke yake, wa pili hata akiwa mzuri vipi anakaa nyumbani. Juni akaja Misri Dar akatupiga 2-0, zote Salah, habari ikaishia hapo. Jezi nilirudi nayo Moro haijavaliwa.

Hayo ya zamani lakini. Kuanzia AFCON ya 2019 timu zinazoenda ni 24, na mfumo wenyewe ni mwepesi tu. Chukua wa 2025: waliojiandikisha 52, vibonde 8 kwa viwango vya FIFA wakacheza wao kwa wao nyumbani na ugenini, wakabaki 4, wakaungana na 44 waliokuwa wanasubiri, jumla 48. Makundi 12 ya timu nne nne, kila timu inacheza mechi sita, wawili wa juu wanaenda. Basi. Besti luza kwenye kufuzu hayupo tena. Unayemsikia siku hizi yupo kule kule kwenye mashindano yenyewe, makundi sita, wanaoshika nafasi ya tatu wanne bora wanaingia 16 bora. Watu wanachanganya hivi vitu viwili mpaka wachambuzi wa redioni, usijione mjinga.

Mwenyeji naye anapangwa kwenye kundi kama wengine na anacheza mechi zake zote, ili asikae miaka miwili anacheza mechi za kirafiki tu. Shida wanaipata waliopangwa naye, kwa sababu nafasi yake ipo tayari kwa hiyo wengine watatu wanagombania moja. Morocco 2025 kundi lao lilikuwa na Gabon, Afrika ya Kati na Lesotho, Gabon ndo akapenya. Kwa hiyo ukiona kwenye droo umeangukia kwa mwenyeji, nafasi ya pili usiipigie hesabu kama makundi mengine.

Sasa uso kwa uso, hapa ndo penyewe, kaa vizuri.

Timu mbili zikilingana pointi, kichwani mwa kila mtu inakuja tofauti ya magoli, kwa sababu ndo tunayoiona kila siku kwenye ligi. CAF, wale wakubwa wa mpira Afrika, kwenye kufuzu AFCON hawaanzi na hiyo. Wanaangalia kwanza nyie mliolingana mlipokutana nani alichukua pointi nyingi, halafu magoli ya mechi hizo, mkilingana na huko ndo mnarudi kwenye magoli ya kundi zima. Waliolia kuliko wote kwa hili ni Bafana, timu ya Afrika Kusini. Oktoba 2011 wapo Nelspruit na Sierra Leone, 0-0, wanasikia Niger kafungwa 3-0 Cairo, dakika za mwisho hawashambulii hata, wanapoteza muda makusudi, filimbi inapulizwa wanacheza ngoma uwanjani wamefuzu. Timu tatu zote zina pointi 9 na Sauzi ana magoli mazuri kuliko wote. Wakati wanacheza ngoma aliyefuzu ni Niger, kwa uso kwa uso ya wale watatu. Timu nzima, kocha, benchi, chama, hakuna aliyesoma karatasi!! Niliwacheka sana ile siku.

Halafu Jumapili ya Machi 24, 2019 na mimi nikafanya ujinga ule ule. Nipo Uwanja wa Taifa, jukwaa la mzunguko, tunacheza na Uganda. Msimamo asubuhi ile Uganda 13 keshafuzu, Lesotho 5, sisi 5, Cape Verde 4. Lesotho yupo Praia kwa Cape Verde. Msuva anafunga la kwanza, kipindi cha pili kimeanza tu Erasto Nyoni penati, haijapita muda Aggrey Morris la tatu. Mimi nipo juu ya kiti napiga kelele "la nne, la nne, tuwazidi magoli!" Pembeni yangu kuna mzee ana karedio kadogo amekabana sikioni, kanivuta suruali. "Kijana kaa chini unanikinga. Hata mkifunga kumi, Lesotho akishinda huko mnarudi wote majumbani kwenu. Alitupiga Maseru huyu."

Nikakaa. Nikaanza kukumbuka: Juni 2017 Chamazi tulitoka nae 1-1, Novemba 2018 kwake kachukua 1-0. Pointi nne kwa moja. Kwa hiyo tukilingana nae pointi kwa namna yoyote ile yeye yupo juu, magoli yetu matatu hayana kazi hapo, tulihitaji sisi tushinde na yeye asishinde. Kuanzia dakika ile nikaacha kuangalia mpira nikawa namwangalia mzee usoni. Akikunja uso moyo unadunda, kumbe betri tu inaisha, anaipiga piga redio na kiganja. Praia ikaisha 0-0. Sisi 8, Lesotho 6, Cape Verde 5. Tumefuzu. Kabla ya hapo mara ya mwisho Stars kwenda ilikuwa 1980, tiketi ya goli la Peter Tino kule Ndola, 1-1 na Zambia, yule mzee aliniambia ile alikuwa kijana kama mimi na aliisikiliza redioni pia.

Kuna watu mpaka leo wanasema Uganda walituachia. Jamani, Uganda alikuja Dar akiwa kacheza mechi tano za kundi lile hajaruhusu goli hata moja, angalieni matokeo wenyewe. Kama kulegea walilegea, ila lawama zetu zilitakiwa ziende kwenye ile sare ya Chamazi. Pale tungeshinda hakuna ambaye angejua Praia ipo wapi.

Mfano wa mwisho wa hii kanuni maana huu watu wengi hawaujui. AFCON ya Ivory Coast, kundi letu Algeria, Uganda na Niger. Septemba 2023 tunaenda Annaba kumaliza na Algeria ambaye keshafuzu, sisi 7, Uganda 4 na anamaliza na Niger. Kwenye kibanda umiza nilipokuwa naangalia watu walikuwa wanasema hata tukifungwa Uganda tumemzidi. Haya piga: tulimfunga 1-0 Ismailia, akatufunga 1-0 Dar. Uso kwa uso ngoma droo, pointi sawa, magoli sawa, na hata la ugenini kila mmoja analo moja! Kwa hiyo ingeenda kwenye magoli ya kundi zima. Uganda akampiga Niger 2-0 akawa na 7, magoli hasi moja. Sisi kabla ya Annaba nasi hasi moja. Umeona? Tungefungwa hata kamoja tu tungekuwa hasi mbili, Uganda anaenda. Ile 0-0 watu waliyoizomea kibandani kwamba tumepaki basi, ndo ilikuwa tiketi yenyewe.

Na umeona hapo nimesema tulimfunga Uganda ISMAILIA. Misri. Hiyo ilikuwa nyumbani kwa Uganda. Hili haliongelewi sana ila kwangu ni nusu ya hadithi ya sisi kufuzu miaka hii. CAF wanakagua viwanja, usipokuwa na uwanja uliopitishwa unahamia nchi ya watu. Niger alitupokea Cotonou, Guinea Yamoussoukro, Ethiopia Novemba 2024 alitupokea Kinshasa tukampiga 2-0, ugenini gani huo hata mashabiki wake hakuna. Wakati huo sisi kwa Mkapa (ndo ule ule Uwanja wa Taifa) pamepitishwa, wao wakija wanaikuta nyomi. Ile kampeni ya 2025 ilianza kwa 0-0 na Ethiopia Dar, watu wakasema tumekwisha, siku sita mbele tukamfunga Guinea 2-1, Feisal na Mudathir, huko huko Yamoussoukro. Mechi ya mwisho Guinea kaja Dar ana 9 sisi 7, yeye sare inamtosha, Msuva kichwa dakika ya 61, mpira umeisha 1-0, tuna 10. Hapo hata redio haikuhitajika, ukishinda unaenda.

Kufuzu Kombe la Dunia ni habari nyingine, usichukue haya ukayapeleka kule. Kwa 2026 Afrika tulikuwa makundi 9, anaenda kinara tu, washindi wa pili wanne bora wakaenda kucheza mtoano Morocco ambako Kongo DR akamtoa Cameroon na Nigeria, halafu bado akatakiwa kucheza na mabara mengine. Na kule mkilingana pointi kinachoangaliwa kwanza ni tofauti ya magoli ya kundi zima, kinyume na AFCON. Kwa hiyo yale ya kupiga kelele "la nne, la nne" kwenye kufuzu Kombe la Dunia yana maana, ruksa kumkinga mzee wa watu.

Ukikwama kwenye kundi lolote weka hapa msimamo pamoja na matokeo ya mechi walizokutana wao kwa wao, nitakupigia hesabu nikitoka job. Msimamo peke yake usiniletee, sitaweza kukusaidia kitu.