Nimekatwa mshahara kwa kuwa nafanyia kazi nyumbani. Je, nami nipunguze kazi?

SWALI: Assalaamu alaykum sheikh. Namuuguza mama yangu, nikamwomba mwajiri nifanye kazi nyumbani kwa mtandao, akakubali. Baadaye akanikata theluthi ya mshahara bila kukaa nami, na kazi ni ileile, saa zilezile. Anasema sihangaiki tena njiani. Mwenzangu ananishauri nami nipunguze theluthi ya kazi kimyakimya, na ananitolea dalili ya hadithi ya Hind. Je, ni halali?

JIBU: Wa alaykumus salaam wa rahmatullah. Binti yangu, Allah amponye mama na akulipe kwa kumhudumia.

Umedhulumiwa. Allah anasema: "Enyi mlioamini! Timizeni mikataba" (5:1), na upande mmoja hauna ruhusa ya kuvunja kilichofungwa na wawili. Hoja ya mwajiri wako naisikia hata kwa watu wa swafu ya mbele msikitini. Mafaqihi, yaani wanavyuoni wa sheria ya Kiislamu, walipomzungumzia ajiri khasi, aliyeajiriwa na mtu mmoja kwa muda maalumu, walisema anastahiki ujira kwa kuutoa muda wake kwa kazi hiyo. Masafa ya kufika kazini hawakuyapima. Kama tabu ya njia ndiyo inayolipwa, basi anayekaa jirani na ofisi angelipwa kidogo kuliko anayetoka mbali, na mwajiri huyu halipi hivyo! Tena umeme na bando sasa ni juu yako. Gharama zake yeye zimepungua, kisha akukate wewe? Kama mkataba ulitenga posho ya nauli, hiyo aisitishe, asivuke hapo. Na muda wa mkataba ukiisha, mjadiliane upya kwa kuridhiana.

Katika hadithi Qudsi (maneno ya Allah aliyoyasimulia Mtume) aliyoipokea Bukhari, miongoni mwa watatu ambao Allah atakuwa hasimu wao Siku ya Kiyama ni mtu aliyemwajiri mfanyakazi, akatimiziwa kazi, asimpe ujira wake. Theluthi nayo ni ujira.

Ama mwenzako, amekosea mahali pa kuitumia hadithi. Hind alimshitaki mumewe, Abu Sufyan, kwa ubahili, na Mtume (s.a.w.) akamruhusu achukue kwa wema kinachomtosha yeye na wanawe. Wanavyuoni wamekhitilafiana juu ya kuipanua ruhusa hiyo kwa kila aliyenyimwa haki yake. Lakini jambo lako si hilo tu: wewe utaandika kwenye ripoti saa ambazo hukuzifanya, na huo ni uongo. Mtume amesema: "Wala usimkhini aliyekukhini" (Abu Daud na Tirmidhi), yaani usimfanyie hiana aliyekufanyia hiana.

Mwambie mwajiri wazi, kwa maandishi: ama akurudishie mshahara, ama mkubaliane saa zinazolingana na anacholipa. Weka nakala. Akikataa, ofisi ya serikali ya mambo ya kazi ipo, na kudai haki yako hakupunguzi subira. Najua dawa za mama haziwezi kungoja kesi. Ukibaki hapo huku ukitafuta pengine, huna lawama, wala kunyamaza kwako kwa dhiki si msamaha. Alichokukata ni deni shingoni mwake. Akifa kabla ya kulilipa, litolewe katika mali yake kabla warithi hawajagawana.

Wallahu a'lam.