Barua kwa Mwanangu Atupele: Monk na Kinanda Changu

Tukuyu

Mwanangu Atupele,

Unaniuliza kama Thelonious Monk, yule mpiga piano wa jazi wa Marekani, ambaye kanda zake baba yako alikuwa akizipiga Jumapili jioni hadi jirani akaulizia kama redio yetu imeharibika, aliacha kuingia studio kwa maradhi au kwa kukata tamaa. Nilidhani ni swali jepesi, kumbe limeninyima usingizi.

Mara ya mwisho alirekodi studio London, Novemba 1971, Al McKibbon akipiga besi na Art Blakey ngoma. Kufikia mwaka 1976 alikuwa ameacha hata majukwaa, akaishi Weehawken, New Jersey, nyumbani kwa rafiki yake Pannonica de Koenigswarter, piano ikiwa humo ndani naye akiigusa kwa nadra, mpaka alipofariki Februari 1982. Ni kweli aliumwa, na alilazwa hospitalini zaidi ya mara moja. Ila mimi unanijua: sikubali kwamba mpiga kinanda aliyenyamaza ameacha kuhesabu, kwa maana katika nota pumziko nalo lina mapigo yake.

Safari yetu ya mwaka 1991 ya kwenda kurekodi kaseti ya kwaya, baba yako amekusimulia kipande cha kuchekesha tu, cha kinanda kuviringishwa blanketi juu ya basi, na kwaya nzima kuacha kuimba tulipoanza kuteremka mlima Kitonga. Ya studio hajakusimulia. Fundi mitambo, kijana mpole wala sikumchukia, alisimamisha wimbo wa kwanza mara nne kwa sababu mikanyagio ya kinanda changu ilisikika ikilia kwenye kipaza sauti. Nikavua viatu. Nikatandika kanga chini ya mikanyagio. Mara ya tano akasema, "Mama, pumzika kidogo," akamwita kijana mwenye kinanda cha umeme, naye akapiga nyimbo zote nilizoifundisha kwaya kwa miezi minane, mimi nikiwa kwenye benchi nimepakata viatu vyangu. Halafu kwenye kava ya kaseti wakaandika jina langu, na hilo ndilo lililoniuma kuliko yote.

Tangu siku hiyo sijaingia studio, ingawa kanisani hawajanikosa. Kwa hiyo nikisikia watu wakisema Monk alikuwa amekwisha, nataka kuwauliza nani aliwapa kazi ya kumhesabia, maana pumziko lina mapigo yake. Lakini hapo hapo najisuta. Mimi nilikikimbia kipaza sauti tu, na hapa nyumbani napiga hadi mvua ya bati inishinde kwa kelele. Yeye hata piano iliyokuwa karibu naye aliiacha. Hayo si mamoja, na huenda najipamba kwa msiba wa mtu mkubwa.

Ulimi unaniwasha kukujibu kwamba alichoshwa na watu. Ningekuwa najisemea mwenyewe, hivyo naumeza, japo kwa shida.

Ile kaseti ipo kwenye kabati la vyombo. Ukija Desemba tutasikiliza utangulizi wa wimbo wa kwanza, ambao walisahau kuupiga upya. Kabla sauti za kwanza hazijaingia kuna mlio mdogo, kama wa mlango wa banda la kuku, ambao baba yako hushikilia kuwa ni ubovu wa kanda. Ni kanyagio la kushoto.

Mama yako